Doa la Bibo

Mke wangu husema kuku wetu wanaijua Nachingwea kuliko mimi. Hasemi uongo. Kuku wanafika hadi nyuma ya soko, mimi mwisho wangu ni uzio wa mabua, na siku nikijitahidi sana nafika kwa jirani kuomba moto. Si ugonjwa wala si uvivu, ingawa hilo la pili lina mashahidi. Ni kwamba kila ninachokipenda kiko ndani ya uzio ule: kiti changu cha kamba, redio, mikorosho saba aliyoniachia baba, na kisima.

Kisima ndicho kilichoniingiza kwenye mpira. Timu ya kata yetu haikuwa na ofisi, haikuwa na basi, haikuwa na hata kabati. Ilikuwa na kiwanja cha mchanga na seti moja ya jezi. Jezi zinataka maji, na maji mtaani kwetu ni ya foleni. Mwenyekiti wa timu, ambaye ana duka la madawa ya mikorosho, alikuja siku moja akakitazama kisima changu, kisha akanitazama mimi niliyekaa pembeni yake, akaona kwamba sote wawili hatuna kazi ya kutosha.

"Wewe si hutoki?" aliniuliza.

"Sitoki."

"Basi jezi hazitapotea."

Ndivyo nilivyoajiriwa, kama kufanya kazi bila mshahara ni kuajiriwa. Mtaani wakaniita mke wa timu. Mke wangu mwenyewe alikuwa wa kwanza kulitumia jina hilo: "Umeamkaje, mke wa timu? Mumeo jana kafungwa ngapi?"

Niseme mapema jambo la aibu. Mimi sikuwa shabiki wa timu yetu. Kwetu kusini mtoto akizaliwa hupewa dini, kabila na timu ya Dar es Salaam, na kati ya hivyo vitatu dini ndiyo anayoweza kuibadili. Mimi nilipewa mojawapo ya zile kubwa. Nimeilia redioni tangu sijaota ndevu, na nina jezi yao niliyoinunua kwa korosho za mwaka mmoja mzuri. Timu ya kata tuliipenda kama unavyompenda shangazi wa shamba: ukikutana naye unamsalimia, lakini humfuati.

Jezi za timu yetu zilikuwa nyeupe. Kila aliyevuna ufuta msimu ule alitoa sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia, ufuta ukauzwa, jezi zikanunuliwa, na zilikuwa nyeupe kwa sababu muuzaji hakuwa na rangi nyingine iliyotimiza namba zote. Zilipofika kwangu nikaona kwenye ukosi kuna kitambaa kidogo chenye maandishi ya Kiingereza. Mimi nimemaliza kidato cha nne, kwa daraja ambalo silitaji mbele ya watoto, lakini nimemaliza. Nikakisoma. Kinasema nguo hizi zikaushwe kivulini.

Mwanamke yeyote wa Nachingwea, hata asiyejua kusoma, hasa asiyejua kusoma, angezianika juani. Mimi msomi nikafunga kamba kati ya mikorosho miwili nikazianika kivulini, na ulikuwa mwezi wa mabibo.

Kwa msomaji wa mbali: bibo ni lile tunda laini la mkorosho, lenye korosho yake imening'inia chini. Ni tamu, linakwaruza koo, na maji yake yakigusa nguo nyeupe yanaacha doa la kahawia lisilotoka. Sisemi halitoki kirahisi. Halitoki. Mashati ya shule ya wilaya nzima ni ushahidi. Na mchana ule upepo ulivuma, mabibo yaliyoiva yakaanguka, mengine juu ya kamba, mengine yakapasukia matawini na kudondosha maji tone kwa tone. Nilipoamka kitini, seti nzima ilikuwa na madoa, kuanzia ya kipa hadi ya mchezaji wa akiba ambaye hajawahi kuingia.

Nilijaribu limau. Nilijaribu chumvi, majivu, jua, na dawa ya kung'arishia mashuka. Madoa yakakoza. Mke wangu alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Kile kitambaa kilisemaje, mwanachuo?"

Timu ikacheza na madoa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ufuta mwingine wa kutoa. Mechi ya kwanza, mashabiki wa upande wa pili walitulilia mlio wa kanga wa porini dakika zote tisini. Kanga ni mweusi mwenye madoa meupe na sisi tulikuwa kinyume chake, ila uwanjani hakuna mtu wa kumweleza jambo hilo. Tukashinda. Mechi ya pili wakalia tena, tukashinda tena. Kufikia ya tano waliolia kama kanga walikuwa mashabiki wetu wenyewe, na mwenyekiti akaja kunionya nisithubutu kujaribu sabuni mpya.

Msimu uliofuata tukaingia kombe la mtoano, lile ambalo timu za madaraja ya chini huwekwa chungu kimoja na wakubwa. Tulimtoa mmoja, tukamtoa mwingine. Raundi ya tatu mpira wa bahati ukachomolewa, na redioni nikasikia jina la kata yangu likitajwa pamoja na jina la timu yangu, ile kubwa. Mtangazaji alirudia jina la kata mara mbili na mara zote alikosea.

Sisi tulikuwa wenyeji. Lakini kiwanja chetu cha mchanga hakina uzio, mbuzi wanakatiza, na kamera za televisheni hazina pa kukaa, kwa hiyo tukaambiwa mechi ihamie Ruangwa, kwenye uwanja wenye nyasi. Hilo tulilimeza. Ruangwa ni majirani. Tunawatania kwamba wamepata lami wakasahau kusalimia, na wao wanatutania kwamba sisi bado tunawashangaa wao.

Siku mbili kabla ya mechi, mwenyekiti alikuja nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu.

"Mke wa timu, pumzika. Jezi usihangaike nazo."

"Kwa nini?"

"Wakubwa wamepiga simu. Wanatuletea seti mpya, za machungwa. Na njumu pea kumi na nane. Zawadi."

Njumu ni viatu vya mpira vyenye meno chini, na vijana wetu walikuwa navyo vya kuazimana. Nahodha wetu, mshambuliaji namba tisa, kazi yake bodaboda, alikuwa amefunga soli ya kulia kwa kipande cha mpira wa tairi. Kwa hiyo nilielewa furaha ya mwenyekiti. Hata hivyo nikauliza: "Hizo za machungwa zimeandikwa nini kifuani?"

"Jina la mdhamini wao. Wewe ulitaka waandike jina la kisima chako?"

"Na kwa nini watupe?"

Akasitasita. Kumbe wakubwa walikuwa wanazindua jezi yao mpya siku hiyo, mbele ya kamera, na jezi yenyewe ni nyeupe. Kanuni inasema mwenyeji ndiye huchagua rangi, na mgeni ndiye hubadili. Mwenyeji ni sisi. Tusipovaa machungwa, wao hawavai nyeupe.

Sijui ni nini kilinipanda. Nimesikia mengi yakichukuliwa na wakubwa na sikuwahi kusimama kitini. Kila tunapopata beki mzuri, msimu haujaisha yuko kwao, anakalia benchi. Kiwanja chetu kimekataliwa, nikasema sawa. Lakini jezi zile zilikuwa za ufuta wa watu, na yale madoa nimeyaweka mimi kwa mikono yangu na Kiingereza changu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuyaonea aibu ni mimi, na mimi nilikuwa nimeacha.

"Nitazileta," nikamwambia.

"Utazileta wapi?"

"Ruangwa."

Mke wangu, aliyekuwa anapepeta mtama, aliacha ungo. Mwenyekiti akamgeukia kama anayetafuta shahidi. "Shemeji, huyu anasema anakwenda Ruangwa."

"Nimesikia," mke wangu akasema. "Nitamfungia na muhogo, asije akafia njiani."

Siku ya mechi nahodha alinifuata alfajiri na pikipiki. Nilivaa shati la kwanza lililoshikika, nikatupia koti la mvua juu, nikapakia jezi kwenye gunia la korosho lililofuliwa, nikakaa nyuma nimelikumbatia. Ilinyesha njia nzima. Tulipofika Ruangwa nilikuwa tope upande mmoja, na gunia lilikuwa kavu.

Kikao cha kabla ya mechi kilifanyika kwenye chumba cha nyumba ya wageni. Alikuwepo kamisaa wa mchezo, mtu wa makamo asiyesema sana. Alikuwepo meneja wa timu kubwa, kijana wa Dar anayenukia vizuri, pembeni yake mabegi mawili makubwa yenye zipu. Upande wetu tulikuwa mwenyekiti, nahodha, na mimi na gunia. Mwenyekiti alinitambulisha kuwa mtunza vifaa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia cheo changu kikitajwa kwa Kiswahili cha heshima, na nikakaa wima kidogo.

Meneja alifungua begi moja. Jezi za machungwa zilikuwa nzuri, sitasema uongo, kitambaa chepesi kama karatasi. Akafungua la pili, njumu zikang'aa. Nahodha aliziangalia, kisha akaangalia mguu wake wa kulia, akaurudisha chini ya kiti.

"Wadau, hii ni sapoti yetu kwa soka la mikoani," meneja akasema. "Hakuna masharti."

"Jezi zetu tunazo," nikasema.

"Mzee wangu, tulia. Tunawasaidia."

"Tunazo. Nyeupe."

Chumba kilikuwa na joto, na katika kule kubishana nikafungua vifungo vya koti. Meneja akanitazama kifuani, akaanza kucheka taratibu. Nikajitazama. Shati la kwanza lililoshikika alfajiri ile lilikuwa jezi yao.

"Kumbe wewe wa kwetu," akasema. "Sasa tunagombana nini, baba?"

Mwenyekiti alifunga macho. Mimi nilitamani kisima changu, nijitumbukize.

"Hii niliinunua," nikasema. "Nyinyi hamkunipa. Ninaivaa nikipenda na ninaivua nikipenda. Hizo za machungwa mnatuvalisha nyinyi."

Meneja akaachana na mimi, akamgeukia nahodha. Alijua wapi pa kushika. "Kapteni, wewe ndiye unayecheza, si mzee. Chukua njumu zako, vijana wang'ae kwenye televisheni."

Nahodha aliliangalia begi tena. Nilimwonea huruma, kwa sababu mimi jezi hizi nilikuwa nazifua tu, yeye ndiye aliyekuwa anakimbia na tairi mguuni.

"Njumu nitachukua," alisema mwishowe. "Jezi tutavaa zetu."

"Haziachani. Ni seti."

"Si ulisema hakuna masharti?"

"Kaka, ni seti."

Nahodha akainuka, akafunga zipu ya begi la njumu mwenyewe, polepole, hadi mwisho. "Basi bakini nazo."

Mwenyekiti alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Lakini hakumpinga, na hilo namshukuru hadi leo.

Meneja hakuwa amemaliza. Akamwomba kamisaa akague jezi zetu. Nikazitoa kwenye gunia, nikazitandaza mezani moja moja, namba zikiwa juu. Meneja akashika moja kwa vidole viwili.

"Kamisaa, hizi ni chafu. Na kanuni inataka jezi zifanane. Hizi kila moja ina madoa yake."

"Mabibo hayaanguki kwa mstari," nikasema.

Kamisaa, aliyekuwa anaandika, akainua kichwa. Akaivuta namba nne, akasugua doa kwa kidole gumba.

"Bibo?"

"Bibo."

"Ulijaribu limau?"

"Limau, chumvi na majivu."

"Na juani?"

"Nilianika juani, likakoza."

Akatikisa kichwa. "Mama yangu alinichapa kwa doa kama hili. Shati la komunyo." Akaikunja namba nne vizuri, kama mtu anayerudisha nguo ya mwenzake, akamgeukia meneja. "Uchafu ni kitu kinachotoka ukifua. Hili halitoki. Ni sehemu ya nguo. Mwenyeji, nyeupe."

"Nyeupe yenye madoa," meneja akasema.

"Nyeupe yenye madoa," kamisaa akasema, akaandika.

Mchana uwanja ulijaa, na ulijaa rangi zao. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka Mandawa na Matambarale, wengine wamepanda malori kutoka Narung'ombe, na karibu wote walivaa jezi za wakubwa, hata wale tunaogawana nao mipaka ya mashamba. Sikuwa na haki ya kuwalaumu, koti langu likiwa limefungwa hadi shingoni. Timu kubwa ilishuka kwenye basi lenye mapazia. Walikuja na maji yao na mpishi wao. Sisi tulikula muhogo wa mke wangu, umepoa, kila mmoja kipande. Halafu wakubwa wakaingia uwanjani wamevaa jezi zao za zamani, za rangi. Ile nyeupe mpya ilibaki begini. Nilikaa kwenye benchi nikaitazama ile rangi ya zamani kwa muda mrefu, na raha niliyoisikia si ya mtu mwema.

Walitufunga. Sitaremba. Hadi mapumziko mabao yalikuwa matatu, na wachezaji wao walikuwa wanaulizana habari za nyumbani. Kipindi cha pili tukarusha mpira kutoka pembeni, ukamgonga beki wao mgongoni, ukamdondokea nahodha, naye akaupiga na mguu ule ule wa tairi. Ukaingia.

Uwanja mzima ulisimama. Wale wa Mandawa, wa Narung'ombe, wote wenye jezi za wakubwa, walinyanyua mikono wakalia kama kanga. Kisha wakajitazama vifuani, wakakaa mmoja mmoja, kama watu waliocheka msibani. Mimi nilichelewa kukaa.

Mwisho ulikuwa nne kwa moja. Filimbi ilipolia, nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Mshambuliaji wao maarufu, ambaye picha yake imebandikwa kwenye nusu ya bodaboda za Nachingwea, alimwendea nahodha wetu, akavua jezi, akamnyooshea. Desturi ya wachezaji: mkishamaliza mnabadilishana. Na nahodha, maskini, alikuwa ameshaiinua ya kwake hadi kichwani.

Hapo nilikimbia. Mimi nisiyefika sokoni nilikimbia kutoka benchi hadi katikati ya uwanja, koti likipepea, jezi ya wakubwa kifuani peupe mbele ya kamera za nchi nzima, nikamkamata nahodha kwa kiuno nikaivuta jezi chini.

"Una wazimu?" nahodha akaniuliza, kichwa kikichomoza. "Unamjua huyu ni nani?"

"Namjua. Tuna mechi Jumamosi. Utavaa nini?"

Akaachia pindo la jezi. Yule maarufu akatuangalia mmoja baada ya mwingine, hakuelewa. Nikamweleza: "Samahani, kijana wangu. Seti ni moja. Akikupa hii, namba tisa hatuna."

Alicheka, si kwa ubaya. "Basi chukueni tu hii yangu. Mimi ninazo nyingi, hata sihesabu."

Kwa kweli mimi ningechukua. Mkono wangu, nakiri, ulishaanza safari. Nahodha akauzuia.

"Hapana, kaka, asante," akamwambia. "Jezi inabadilishwa. Hii ya bure ni msaada, na msaada tumeukataa tangu asubuhi. Nyinyi njooni tena tukiwa na seti mbili."

Wakashikana mikono. Yule akaondoka na jezi yake begani, tukabaki na yetu.

Jioni ile tuliporudi, mtaa wote ulikuwa umeniona. Hadi leo watoto wakipita uzioni wanashikana viuno na kuvutana mashati. Redioni walisema timu yetu imepata uzoefu. Nimegundua kwamba mdogo hupata uzoefu na mkubwa hupata kombe, na uzoefu hauna pa kuwekwa, kabati hatuna. Mwenyekiti alinuna wiki nzima kwa ajili ya njumu, kisha akaja na pea moja ya mtumba kwa ajili ya nahodha, akaiacha kisimani. Jezi yangu ya wakubwa sijaichoma, mimi si shujaa wa kiasi hicho. Naivaa nikichota maji.

Asubuhi iliyofuata mechi nilizifua jezi. Mke wangu alikaa kwenye kiti changu cha kamba, jambo ambalo haliruhusiwi, akanitazama.

"Nilikuona unakimbia," akasema. "Nikasema, kumbe anaweza. Na kuni zangu siku zote hizi nabeba mwenyewe."

Nilipofika kwenye namba tisa nikaona doa jipya ubavuni. La kijani. Nikalinusa. Lilikuwa la nyasi, la pale alipoangukia baada ya kufunga. Kiwanja chetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo tangu nianze kazi hii sijawahi kukutana na doa la nyasi, na nilisimama nalo muda, maji yakinitiririka viwikoni.

"Hilo linatoka," mke wangu akaniambia. "La nyasi linatoka, kwa sabuni ya unga na jua."

"Najua."

Nikaisuuza namba tisa kwa maji matupu, nikaenda kuianika kivulini.